Nani Alitoa Nobu?

Nobu yangu ya kwanza ilitoka kwenye redio iliyokufa. Fundi mmoja wa Kariobangi, ambaye sisi wote tunamwita Mzee, aliifungua redio mgongo, akakata nyaya tatu na kunitupia kidude chenyewe mkononi. "Hiyo ni volyumu, kijana. Pesa sitaki. Lakini ukiiunguza usirudi hapa kunililia."

Mafundi ninaowajua huiita volyumu hata kama kazi itakayofanya haihusiani na sauti. Vitabuni inaitwa potenshometa. Kile kifuniko cha plastiki tunachoshika kwa vidole ndicho nobu, na kwa sababu ulimi wangu ni mvivu, humu nitaita kitu kizima nobu.

Nilikuwa najenga sinthesaiza. Si kununua, kujenga. Sinthesaiza ni ala inayounda sauti kutoka kwa stima yenyewe. Haina nyuzi, ngozi wala tundu la kupuliza. Yangu ni ya kidijitali, yaani sauti inapikwa na programu niliyoandika, na programu inakaa ndani ya laptop kuukuu ambayo betri yake ilishakufa. Stima ikipotea mtaani, muziki nao umeenda. Programu yenyewe ilikuwa inafanya kazi poa. Shida ni kwamba kila nikitaka kubadilisha sauti ilibidi nishike kipanya, nivute kijistari kwenye skrini, nikiachilie, nivute kingine. Ilikuwa kama kupika chapati kwa kuliandikia jiko barua. Nilitaka kushika kitu. Nilitaka mkono wa kushoto ufanye jambo moja na wa kulia ufanye jingine, kwa wakati mmoja, bila kuangalia.

Nikaenda Luthuli Avenue, nikanunua nakala ya Arduino, bredibodi, nyaya, na nobu tano za kilo-omu 10. Ya sita ilikuwa ile ya Mzee. Arduino Uno ina miguu sita ya kusoma volti, kwa hivyo hesabu ilikuwa imekaa sawa.

Nobu ina miguu mitatu. Ndani kuna mkanda wa kaboni uliokunjwa kama kiatu cha farasi. Mguu mmoja wa pembeni unapewa volti 5, ule mwingine unapewa sifuri, na wa katikati umeunganishwa na kijichuma kinachoteleza juu ya kaboni unapozungusha. Kijichuma kikiwa karibu na sifuri unapata volti chache. Kikisogea upande wa pili unapata nyingi. Ni hayo tu. Kabla sijaacha chuo mwaka wa pili, kwa sababu ya karo, nilikuwa nimeandika hesabu ya kitu hiki kwenye mitihani miwili, R1 juu ya R1 ongeza R2, na nikapita. Sikuwahi kukishika hata siku moja. Nilipokifungua kile cha redio kwa bisibisi na kuona kaboni imechakaa mahali pamoja, pale ambapo mwenye redio alizoea kuweka sauti miaka yote hiyo, nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Arduino inasoma volti ya mguu wa kati na kuipa namba kutoka 0 hadi 1023. Nikazungusha nobu za Luthuli, namba zikapanda vizuri. Nikazungusha ya Mzee: robo ya kwanza namba hazisogei, nusu bado zinajikokota, halafu kuelekea mwisho zinaruka kama matatu iliyoona polisi. Nikajua nimeiunguza. Nikarudi Kariobangi nimeinamisha kichwa. Mzee hakuniangalia hata. "Ni ya sauti hiyo. Imetengenezewa sikio, haijatengenezewa mita." Sikio letu halihesabu kwa mstari ulionyooka, ili usikie sauti imeongezeka hatua moja iliyo sawa na ile iliyotangulia, lazima nguvu iongezwe kwa kuzidisha. Ndio maana volyumu za redio zina kaboni iliyopangwa kwa mkunjo. Kwenye mgongo wa nyingi kuna herufi: B kwa zilizonyooka, A kwa zenye mkunjo. Yangu ilikuwa na A. Miaka miwili ya uhandisi na hakuna aliyenitajia hiyo herufi.

Wiki hiyo ndiyo nilianza kusoma historia, na swali lililonishika lilikuwa dogo. Kibodi ya kanisani kwetu nilipokuwa mtoto ilikuwa na vitufe kama mia, skrini ndogo ya kijani na nobu moja tu, ya sauti. Lakini picha za sinthesaiza za zamani zimejaa nobu kila mahali, kama chumba cha rubani. Zilienda wapi? Nani alizitoa?

Robert Moog alianza kwa kutengeneza theremini, ile ala inayochezwa bila kuguswa. Mwaka wa 1964, akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, alitengeneza vifaa vya kwanza vya sinthesaiza yake huko jimbo la New York. Wazo lake kubwa lilikuwa kwamba volti ndiyo itawale kila kitu. Volti ikipanda, noti inapanda. Alichagua volti moja kwa kila oktavu. Nobu kwenye mashine ya Moog haiulizi wala haiombi. Inagusa stima yenyewe inayopita kwenda kwenye sauti. Minimoog ilipotoka 1970, kila nobu ilikuwa na kazi yake moja, imeandikwa jina lake, na ukiitazama meza ile unaona sauti yote imelala mbele yako. Ubaya ni kwamba haikukumbuka kitu. Ukipata sauti tamu saa nane usiku, unachora mahali kila nobu ilipoelekea kwenye karatasi, halafu kesho unajaribu kuzirudisha, na haiwi ileile.

Afrika haikuwa inasubiri mlangoni wakati huo wote. Miaka ishirini kabla ya Moog, mwaka wa 1944, Halim El-Dabh alibeba mashine ya kurekodi kwenye waya mitaani Cairo, akarekodi sherehe ya zaar, ile ya kupunga pepo, akaenda kuichezea ile sauti kwenye studio ya redio hadi ikageuka kuwa kitu kipya kabisa. Enugu, Nigeria, William Onyeabor alitoa albamu baada ya albamu za sinthesaiza kati ya 1977 na 1985. Na 1985 huyohuyo, Hailu Mergia, Mwethiopia aliyekuwa akiishi Washington, alirekodi kaseti akiwa na akodioni, kinanda cha umeme, Moog na mashine ya ngoma, peke yake. Nataja hawa kwa sababu nimechoka kusoma historia hii ikianza New York na kuishia Tokyo bila kusimama popote njiani.

Turudi kwa mshukiwa. Wengi wanaopenda vitu hivi watakuambia kwamba aliyeua nobu ni Yamaha DX7, iliyotoka 1983. Na kweli, ukiangalia DX7 unaona ushahidi: vitufe bapa vya kubonyeza, kiskrini kidogo, na kitelezi kimoja cha kuingiza data. Ndani yake kuna osileta sita za kidijitali, zinazoitwa opereta, na njia 32 tofauti za kuzipanga. Kila opereta ina mipangilio yake mingi. Ukitaka kubadilisha kitu, unachagua opereta, unatafuta ukurasa, unasogeza kitelezi, unasikiliza, unarudi. Wanunuzi wengi walikata tamaa mapema na kupiga zile sauti 32 zilizokuja nayo. Iliuzwa zaidi ya laki moja, ndio maana ballad nyingi za miaka ya 80 zina piano ileile ya umeme inayong'aa kama sahani zilizooshwa.

Mimi simlaumu Yamaha sana. Piga hesabu. Kila nobu ni kaboni, chuma, tundu kwenye paneli, waya tatu, mtu wa kulehemu. DX7 ina mipangilio zaidi ya mia moja kwa kila sauti. Ukiipa kila mmoja nobu yake utauza kabati, si kinanda, na bei haitashikika. Tena Korg Poly-61, ya 1982, tayari ilikuwa imebadilisha nobu kwa namba na vitufe. DX7 alikutwa kwenye eneo la tukio, lakini mwili ulikuwa umeshapoa.

Nikifuata damu nyuma inanipeleka California, 1978, kwa mtu anayependwa na kila mtu kwenye hadithi hii: Dave Smith. Kampuni yake, Sequential Circuits, ilitoa Prophet-5, sinthesaiza ya sauti tano kwa pamoja iliyoweza kukumbuka sauti zako zote. Hifadhi 40. Unabonyeza kitufe na sauti ya saa nane usiku inarudi vilevile. Wanamuziki walilia kwa furaha, na wangeliaje vingine? Aliwezaje? Aliweka ndani kompyuta ndogo, chipu ya Z80. Kompyuta inazipitia nobu moja baada ya nyingine, inasoma volti ya kila moja, inaigeuza kuwa namba, inaiweka kwenye kumbukumbu, halafu inaigeuza tena kuwa volti na kuituma kwenye sauti. Ile Arduino yangu ya Luthuli inafanya hivyohivyo.

Lakini angalia kilichotokea hapo. Nobu ilikuwa inagusa stima. Sasa inatoa namba, na kuna karani katikati anayeamua atafanya nini na hiyo namba. Uso wa Prophet-5 bado ulijaa nobu, na ukiitazama hungejua. Ila ukiita sauti ya 12 kutoka kwenye kumbukumbu, nobu ya filta inaweza kuwa imeelekea kushoto kabisa wakati sauti unayosikia iko katikati. Nobu inasema uongo. Ukiigusa tu, sauti inaruka ghafla kwenda pale nobu ilipo. Tatizo hili lipo mpaka leo. Wengine wanalitatua kwa kufanya nobu isifanye kazi mpaka ipite ile namba iliyohifadhiwa, wengine wanatumia nobu zinazozunguka bila mwisho. Mimi bado sijalitatua.

Na nobu ikishakuwa namba tu, mhasibu wa kampuni yoyote atauliza swali la haki kabisa: namba moja inaweza kuingizwa na kitufe, mbona tunalipia nobu arobaini? Kwa hivyo jibu langu, na najua kuna wasee watanirukia, ni kwamba aliyetoa nobu ni yule aliyetupa kumbukumbu. Tulibadilishana. Tulipewa jana yetu, tukatoa mikono.

Baada ya hapo mambo yakawa ya kuchekesha. Roland ilitoa JX-3P mwaka wa 1983 bila nobu za kuunda sauti, halafu ikauza kisanduku kingine, PG-200, chenye nobu zote zilizokosekana. Kinashikamana juu ya kinanda kwa sumaku. Yaani wanakuuzia gari, kisha usukani unauzwa kando. Kwa DX7 kulikuwa na kampuni ya Ujerumani, Jellinghaus, iliyojenga kidubwana chenye nobu kwa kila mpangilio. Vilijengwa vichache sana, na ukiona picha yake utaelewa kwa nini.

Na Chicago, vijana walikuwa wanafanya mambo mengine na mashine ambayo hakuna aliyeitaka. Roland TB-303 ilitengenezwa iwe mpiga besi wa bandia kwa watu wanaofanya mazoezi peke yao. Haikufanana na gitaa la besi hata kidogo, na kuipanga noti zake ni noma. Ikafa sokoni, ikaishia maduka ya vitu vya mitumba kwa bei ya kutupa. Kundi la Phuture, akina DJ Pierre, lilipata moja. Hawakujua inavyopangwa. Wakaiacha icheze ilichokuwa nacho, na wakaanza kuzungusha nobu za filta huku inaendelea. "Acid Tracks" ilitoka 1987 na ikazaa aina nzima ya muziki. Noti zenyewe karibu hazina maana. Wimbo ni mkono unaozungusha nobu. Nilipousikiliza nikijua hilo, niliamka usiku kwenda kuwasha chuma cha kulehemu.

Sasa kuna upande wa pili wa Dave Smith, na ndio unaonihusu mimi moja kwa moja. Mwaka wa 1981 Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, alianza kuongea na kampuni nyingine kuhusu lugha moja ambayo ala zote zingeelewana. Wakati huo kila kampuni ilikuwa na waya zake na haikusikilizana na jirani. Mazungumzo yakamfikia Smith, ambaye mwishoni mwa mwaka huo aliwasilisha pendekezo New York akiwa na mhandisi wake Chet Wood. Wajapani wakaongeza yao. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM kule California, Prophet-600 ya Smith iliunganishwa na ala ya Roland kwa waya mmoja, ikapigwa moja, ikalia na ya pili. Hiyo ndiyo MIDI.

MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo. Nobu ikizungushwa, baiti tatu zinapita kwenye waya: ya kwanza 176, maana yake "nobu imesogea, chaneli ya kwanza", ya pili ni nobu gani, namba 7 ni sauti, namba 74 kwa kawaida ni mng'ao wa filta, ya tatu ni imefika wapi, kutoka 0 hadi 127. Biti 31,250 kwa sekunde, kasi iliyochaguliwa kwa sababu ni megahezi moja gawa kwa 32, hesabu rahisi kwa chipu za wakati huo. Kwa kasi hiyo unaweza kupitisha ujumbe wa nobu kama elfu moja kwa sekunde. Inaonekana ni mingi. Siku ya kwanza nobu zangu sita zilijaza waya bila mimi kuzigusa, kwa sababu volti hutetemeka, 511, 512, 511, na kila mtetemo ulikuwa unatumwa kama habari muhimu. Sinthesaiza ikaganda. Dawa ilikuwa kapasita ndogo kwenye kila mguu wa kati, na mstari mmoja kwenye programu: usiseme kitu mpaka kiwe kimebadilika kweli. Mstari huo ungewafaa wengi ninaowajua.

Lakini jambo lenyewe kuhusu MIDI ni kwamba waliitoa bure. Hakuna leseni, hakuna kulipa kwa kila kifaa. Linganisha na sauti iliyokuwa ndani ya DX7. John Chowning, mtunzi wa muziki, aliigundua njia ile ya kuunda sauti, FM, akiwa Stanford mwaka wa 1967. Watengenezaji wa vinanda wa Marekani walioonyeshwa hawakuona kitu. Yamaha waliona mara moja. Chuo kilimnyima Chowning ajira ya kudumu, akaondoka, kisha Yamaha walipoonyesha nia kikamrudisha 1975. Hati miliki ilitoka 1977, na mpaka muda wake ulipoisha katikati ya miaka ya 90 ilikuwa imekiingizia chuo zaidi ya dola milioni 20. Sisemi ni wizi. Nasema tu kwamba sinthesaiza yangu inatumia FM, na kama ningezaliwa miaka ishirini mapema, kuuza hata moja bila ruhusa kungekuwa kosa. Upande wa MIDI sikuhitaji ruhusa ya mtu.

Na Kakehashi, aliyesukuma iwe hivyo, nimemsoma hadi namkumbuka kama jamaa. Alizaliwa Osaka 1930, wazazi wakafa kwa kifua kikuu akiwa mdogo. Baada ya vita, akiwa na miaka 16, alifungua duka la kutengeneza saa. Chuo kikuu kilimkataa kwa sababu za afya. Akapata kifua kikuu yeye mwenyewe, akalala hospitalini miaka, akaponea kwenye dawa iliyokuwa bado inajaribiwa, streptomaisini, kisha 1954 akafungua duka la vifaa vya umeme. Roland aliianzisha 1972. Sijilinganishi naye, msinicheke. Ila unaposoma hayo umekaa kwenye kibanda cha fundi redio, harufu ya lehemu puani, cheti huna, kuna kitu kifuani kinalegea. Mwaka wa 2013 yeye na Smith walipewa Grammy ya ufundi. Kakehashi alifariki 2017, Smith 2022.

Arduino nayo ina hadithi ya aina hiyo, chungu kidogo. Ilianza 2005 Ivrea, Italia, ikapewa jina la baa ya mji huo, na michoro yake iliwekwa wazi kwa yeyote, ndio maana nakala inafika Luthuli kwa bei ninayoweza. Ila imejengwa juu ya mradi uitwao Wiring, kazi ya shahada ya mwanafunzi kutoka Kolombia, Hernando Barragán, ambaye hakuwekwa kwenye kundi la waanzilishi. Hata vya bure vina mtu aliyeachwa nje ya picha. (Nakala yangu ya bei nafuu, kwa wanaotaka kujua, haijui kujitambulisha kama kifaa cha MIDI kwenye USB. Niliandika programu ndogo kwenye laptop inayopokea baiti zake na kuzipitisha. Usiku mbili.)

Kisanduku kikakamilika: ubao wa mbao, nobu sita, majina yameandikwa kwa kalamu ya wino. Nikadhani nimemaliza, mpaka rafiki yangu anayepiga nyatiti alipokuja nacho chumbani.

Nyatiti ina nyuzi nane. Alikaa chini, akafunga gara mguuni kwa mazoea tu, akavuta uzi mmoja, akaniambia nipige hiyo noti. Nikatafuta kwenye kibodi. Haikuwepo. Huku iko juu, huku iko chini. Akavuta mwingine, nao pia. Haikuwa nyatiti iliyoharibika. Nyatiti haikuwahi kukubaliana na piano, na MIDI ndani yake kuna piano. Noti zake ni 128, zimehesabiwa kama vitufe vya kinanda, moja baada ya nyingine, na kati ya 60 na 61 mpangilio wake wa kawaida hauna kitu. Kuna ujumbe wa kupinda noti, wenye hatua 16,384, lakini unapinda chaneli nzima kwa pamoja. Waliokaa kwenye ile meza 1983 walikuwa wanauza vinanda. Walitoa lugha bure, na ilikuwa lugha ya nyumbani kwao.

Nobu lakini haijui piano. Kwa hivyo nilibomoa kisanduku. Nobu nane zilizonyooka, moja kwa kila uzi, kila moja ikiamua uzi wake ulie wapi ndani ya oktavu nzima, na kibodi inabaki kazi ya kusema tu ni uzi gani umevutwa. Miguu sita haitoshi kusoma nobu nane, kwa hivyo nikanunua chipu ya 4051, ambayo ni kama karani wa foleni: ina milango minane na mlango mmoja wa kutokea, unamwambia kwa waya tatu amruhusu nani. Nane kwa nane. Nilifurahi kana kwamba ilipangwa. Nobu ya Mzee nikaitoa pembeni, nikaipa mguu wake peke yake na kazi iliyozaliwa nayo, sauti. Inazunguka laini ajabu, isipokuwa pale kaboni ilipochakaa, inakwaruza kidogo.

Jumapili rafiki yangu akarudi. Akazima taa ya skrini ili asione namba, akaanza kuzungusha nobu huku anavuta nyuzi za nyatiti kwa mkono mwingine. Uzi wa kwanza ukakaa. Wa pili, wa tatu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake na simu, nasoma namba zikipita. Alipofika wa nne akasimama. Akarudi kidogo, akaenda mbele kidogo. Kwenye simu yangu ilikuwa inasema 71, 72, 71, 72.

"Buda, hii nobu yako inaruka."

Nikampigia hesabu: oktavu nzima imegawanywa kwa hatua 127, kwa hivyo kila hatua ni zaidi ya senti tisa, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya nusu-toni. Hata Arduino inasoma 1023, mimi ndiye ninaigawa kwa nane ili iingie kwenye baiti moja ya MIDI. MIDI 2.0, iliyopitishwa 2020, inatoa biti 32 kwa nobu, lakini hapa chumbani haijafika.

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akavuta uzi wa nne wa nyatiti, akauacha ulie mpaka ukaisha.

"Iko hapo katikati," akasema.

Kwenye MIDI ya zamani kuna njia: unatuma jumbe mbili kwa nobu moja, ya kwanza namba kubwa, ya pili namba ndogo inayojaza nafasi iliyo kati. Ni mara mbili ya maneno kwenye waya uleule, na inabidi niandike upya karibu nusu ya programu. Nilianza usiku huohuo, yeye amelala kwenye kiti, gara bado iko mguuni, ikilia kidogo kila akigeuka.